Mpigaji Aliyepiga Mapema

Mpendwa shemeji Desiré,

Jumamosi nilirudi uwanjani. Nakuandikia wewe kwa sababu dada yangu Mwende, mkeo, ameapa kwamba nikimsimulia tena habari za raga atanimwagia maji, na kwa sababu hakuna mwingine mwenye haki ya kujua nilichofanya nilipofika. Sikufanya kitu. Lakini ngoja nianzie mbali kidogo, ulishanizoea.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponiburuta hadi Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, kuwatazama mkicheza? Nilikuwa nimetoka zamu, koti la kazi bado mwilini. Uliniambia ni raga, nami kama Mkenya yeyote nikajifanya naijua, ingawa shuleni kazi yangu katika raga ilikuwa kulinda mabegi. Kumbe hii yenu ni raga nyingine, ya watu kumi na watatu kila upande, ambayo timu yenye mpira ikiangushwa mara sita inanyang'anywa. Kwa hiyo wakishaangushwa mara ya tano, mmoja wao anarudi nyuma na kuupiga mbali kwa mguu kabla haujawaponyoka. Na wewe, Mrundi wa Vårby gård mwenye miguu mirefu na kitambi kilichokuwa kinaanza kujitambulisha, ndiye uliyepewa kazi ya kumkimbilia huyo mpigaji. Kila mara ulimfikia amekwisha kupiga. Ulikuwa kama mtu anayeingia harusini wakati viti vinakunjwa.

"Muramu," uliniambia baadaye, kwa neno lenu la Kirundi la shemeji, "weye umekaa tu pale na chupa ya chai. Umeona nini?"

"Nimeona unachelewa."

"Hilo hata ng'ombe ameliona. Nataka lingine."

Nikakupa lingine. Unajua kazi yangu ni kukaa kwenye kibanda cha kioo pale stesheni ya Hallunda, nikitazama malango ya treni. Miaka yote hiyo nimetazama miguu ya watu. Anayetaka kuruka lango bila tiketi hawezi kunificha: anatazama kando, anapunguza mwendo, mguu mmoja unabaki nyuma. Namjua kabla yeye mwenyewe hajaamua. Na kwa kuwa haturuhusiwi kumgusa mtu, nikishamjua namtazama anavyoruka, kisha naendelea na chai yangu. Basi yule mpigaji wa wapinzani alikuwa wa aina hiyo hiyo. Kabla ya kurudi nyuma kusubiri mpira, macho yake yalikwenda kwenye kona ya uwanja mara moja, halafu yakatulia kwenye nyasi, kana kwamba hayakwenda kokote.

Ndipo tukapanga njama yetu. Mimi nisimame kando ya mstari, na nikiyaona macho yamekwenda konani, nipaze sauti: "Chai tayari!" Nani angetushuku Stockholm hii? Mama mmoja Mswidi alinijia na kikombe chake, nikammiminia, akashukuru sana, na nyuma yake wewe ulikuwa umeshachomoka kama mwizi.

Halafu zile Jumapili za baada ya ibada, sebuleni kwako, tukitazama kwenye kompyuta mechi za Australia zilizokuwa zikikwama kila baada ya muda, mchezaji anabaki hewani nasi tunamsubiri atue. Hapo ndipo tulipojisomesha. Mpigaji usimwendee kutoka pembeni, mwendee kutoka katikati, upande wa mguu wake mzuri, ili alazimike kutumia ule mbaya. Usimrukie, maana anainama nawe unapita kama basi lisilo na kituo. Mikono juu. Wenzako wote wapande nawe kwa mstari mmoja, la sivyo unaacha tundu, anapitisha mpira hapo. Na mpira ukishatoka mguuni mwake, mwache. Ukimgusa umewapa mpira wa adhabu wa bure.

"Kumzuia asipige huwezi," ulikuwa unasema. "Unamnyima tu kupiga vile anataka. Basi."

Binti yako Kezia alitukuta siku moja tukifanya mazoezi kwenye zulia, mimi mpigaji nimekumbatia mto wa kochi, wewe unanijia mikono juu. Akatuambia kwa Kiswidi kwamba tunatia aibu, akafunga mlango taratibu, kama anayefunga chumba cha wagonjwa.

Tulifaidi njama ile hadi tulipokutana na Papy. Unamkumbuka alivyokuwa upande wa wapinzani, kijana mnene wa Kikongo ambaye hatukumtilia maanani. Nilipopaza sauti, alisimama katikati ya uwanja, akanigeukia kwa heshima zote. "Papa," akasema, "miye pia nakunywaka chai." Tukabadilisha, tukaweka "sambusa". Akacheka hadi akasahau kukaba.

Sasa nifike kwenye mechi ile ya mwisho wa msimu, ambayo hatukuwahi kuizungumza vizuri. Tulikuwa tunaongoza kidogo. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, kama kawaida: moja, mbili, tatu. Mpaka tano bado kulikuwa na nafasi, na wewe ulikuwa chini ya watu, unainuka na majani mdomoni. Yule mpigaji hakutazama kona. Hakurudi nyuma. Aliupokea mpira akaupiga pale pale, ya tatu, wakati wenzako wote wamesimama wanasubiri ya tano. Mpira ukabiringika hadi mahali ambapo hakukuwa na mtu wetu hata mmoja. Tukashindwa. Nilikusubiri uje uniulize nilikuwa natazama wapi. Ulikuja ukachukua kikombe.

"Hakuna wa kulaumu, muramu," ukasema. "Kapiga mapema."

Mgongo ulipoanza kukuuma, sote tulisema ni raga. Walipokueleza kule hospitali ya Huddinge kwamba ni saratani ya kongosho, daktari alisema majira yote ya joto ni yetu, na pengine na kipupwe. Tukajipanga, shemeji. Watu wa kujipanga sisi! Mwende akashughulikia viza ya mama yako aje kutoka Bujumbura. Mimi nikaomba likizo ya Julai. Kila mtu alisimama mahali pake anasubiri ya tano. Nilimkazia macho yule daktari, macho yake, viatu vyake, jinsi alivyofunga faili. Sikuona kitu. Labda hakukuwa na cha kuona. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi: hapakuwa na kona iliyotazamwa.

Siku ile nilipokuja na chupa ya chai, ambayo ulikuwa umeshakatazwa, nilikuinamia nikakunong'oneza, "Chai tayari." Nilitaka ucheke tu. Ukacheka kweli, kwa taabu.

"Bado, muramu," ukaniambia. "Hii ni ya tatu tu."

Nikakuamini. Wewe ndiye uliyekuwa uwanjani.

Wiki iliyofuata treni ilikuwa imesimama Vårby gård, milango wazi, nikiyatazama maghorofa yenu, Mwende aliponipigia simu. Milango ikafungwa. Viza ya mama yako ilitoka baada ya mazishi. Alikuja hivyo hivyo. Pale uwanja wa ndege alituona, akainua mikono yote miwili juu, akatujia hivyo, mpaka mwisho, na hakukuwa na cha kukamata.

Basi, Jumamosi. Papy sasa yuko timu yenu, na mahali pako ndipo alipowekwa. Alinipigia simu mwenyewe: "Papa, miguu niko nayo, lakini macho sina. Kuja." Nikaenda. Nikasimama pale pale, chupa miguuni. Nikahesabu. Wakaangushwa mara ya tano, na mpigaji wao, kijana mweupe mwenye nywele za mbele kama brashi, akatupa macho konani, waziwazi kabisa, hata mtoto angeona. Nikafungua mdomo. Haikutoka sauti. Nilibaki hivyo, mdomo wazi, baridi inaingia. Papy alikimbia hata hivyo, kutoka katikati, mikono juu, na wenzake wote naye. Akafika mpira umeshaondoka. Hakumgusa.

Wakati wa mapumziko alinijia akihema.

"Papa, chai iko wapi?"

Nikammiminia. Mkono ukamimina na kikombe cha pili, kwa mazoea, nikakiweka kwenye nyasi karibu na mstari, mahali ulipokuwa ukikiokota. Kikapoa. Nchi hii haihitaji muda mrefu kwa hilo.

Wanasema nitazoea. Ninachojua ni kwamba hata kibandani kwangu watu wanaruka malango, nami najikuta nawahesabu, na nikifika tatu nakwama.

Kaa salama huko, shemeji. Na kama nako kuna mpigaji, mwendee kutoka katikati.

Ni mimi muramu wako,
wa kando ya mstari