Mtoto Asiyelia Mgongoni

Ibadakuli,
Shinyanga.
Tarehe 11 Agosti 1977.

Mpendwa mjukuu wangu Limi,

Wewe ni mpumbavu, na aliyekusifu ni mpumbavu kuliko wewe. Mtoto wa miezi minne umemfunika gubigubi mgongoni kama furushi la pamba, kisha unaniandikia kwa majivuno kwamba halii. Nani alikulea? Mimi. Basi na aibu ni yangu.

Haya, sasa nakusalimu. Marahaba, kwa ile shikamoo yako ya kwenye barua. Mimi mzima, ila magoti. Babu yako mzima, anakula na anagomba. Anasema wewe, mke wake mdogo, umemtupa, hata tumbaku humletei. Mumeo Donatus hajambo? Kile kikohozi cha vumbi la shimoni kimemwacha? Na wewe, maziwa yanatoka vizuri?

Usishangae mwandiko, ni wangu mwenyewe. Tangu nimalize kisomo cha watu wazima simwandikishi mtu barua. Na hii, hata kama nisingejua herufi, nisingemwambia mtu aniandikie. Utaona kwa nini.

Mwamvua ametuletea barua yako na picha Jumapili, akitoka kununua dagaa Nkome, na tangu siku hiyo yuko hapa kwetu anauza mnadani. Picha ni nzuri, huyo Praful mwana wa Champaklal anajua kazi yake. Kilemba kizuri. Kinu cha kutwangia mawe kiko mbele yako, mchi uko mkononi. Nikamtafuta kitukuu changu Mabula. Nikavaa miwani ya babu yako, nikamtafuta tena. Naona kanga mbili, ya kumbebea na ya kumfunikia, na kivimbe. Miguu miwili inaning'inia, imenyooka. Uso hakuna.

Unasema wachimbaji wa hapo Rwamgasa wanaamini dhahabu ikisikia mtoto analia inazama, ndiyo maana wanawake wote wanaotwanga mawe huwakaza watoto na kuwafunika. Unasema Mabula amewashinda wenzake kwa upole, kimya tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Limi, mtoto hanyamazi kwa ajili ya dhahabu. Kidevu kikilalia kifua, pumzi inakuwa nyembamba, na mwenye pumzi nyembamba hana ya kulilia.

Mimi najua. Mama yako hakuwa mzaliwa wangu wa kwanza. Wa kwanza aliitwa Nkwimba. Hujawahi kulisikia jina hilo katika nyumba hii kwa sababu nililikataza.

Ilikuwa mwaka wa nzige. Walishuka kwenye mtama asubuhi, jua likawa jekundu, kila mtu akatoka na debe lake. Nikamfunga Nkwimba mgongoni, nikamkaza, nikamfunika kichwa nzige wasimguse. Tulipiga madebe mpaka mchana. Watoto wote walilia isipokuwa wangu. Mama mkwe wangu akasema, "Huyu wako ana adabu, hakuirithi kwako." Nikacheka. Nilijiona mkubwa siku ile. Nikarudi naye nyumbani nikimsimulia habari za nzige, nikimpigapiga matako.

Njiani nikasikia mgongo umekauka. Unajua mwenyewe, ukimbeba mtoto kwenye jua mgongo unaloa. Wangu ulikuwa mkavu, wa baridi kama mtungi. Nilijua, Limi. Nilijua, na nikaendelea kumsimulia mpaka mlangoni, maana kabla sijamfungua alikuwa bado ananisikiliza.

Miaka mingi ilipita sikusikia kitu. Lakini tangu picha yako iingie humu ndani, kila mchana nikifagia uwanja kuna kitu kinanikaza hapa juu ya matiti, palepale pa fundo. Mgongo unainama wenyewe. Nikisimama kimya, uzito unajisogeza kidogo, kama mtoto anayetafuta pa kulaza shavu. Nikasema ni uzee. Jana Mwamvua alikaa kwenye kigoda nyuma yangu akichambua dagaa. Akaniuliza, "Bibi, mtoto wa nani huyo umembeba kwenye jua hili?"

Nikageuka. Nilikuwa na gauni tu, hata kanga ya begani sina.

"Mtoto gani?"

Akaacha dagaa zake. "Basi ni macho yangu, bibi. Vumbi la lori."

"Analia?"

"Nani?"

"Huyo uliyemwona."

Akaziinamia tena dagaa zake. "Halii," akasema. "Amefunikwa."

Sasa nisikilize, ng'wana wane, mwanangu. Huyo wako bado mdogo, mbebe kifuani, si mgongoni. Chukua kanga moja tu, ile nzito. Impitie chini kutoka goti hadi goti, magoti yapande juu kuliko matako, akae kama chura. Juu iishie shingoni, isivuke masikio. Ukiinamisha macho uuone uso wake wote, na pua yako ifike utosini kwake. Pitisha vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Visipopita, fungua ufunge upya, hata kama ni mara kumi. Fundo piga mara mbili, kisha inama huku umemshika kichwa, uone kama anateleza. Akishaweza kukaa bila kushikwa ndipo arudi mgongoni, na huko pia uso uwe pembeni, wazi, na umguse kila mara.

Kwenye kinu hapana, mbele wala nyuma. Vumbi la mawe si unga, na kanga ya kuzuia vumbi ndiyo hiyo inayozuia hewa. Akae na mtu kivulini, mbali. Kama hakuna mtu, acha kutwanga. Wachimbaji wakikufukuza kwa sababu mtoto analia, ondoka, njoo kwangu. Donatus akinuna, anune. Mwambie ni mimi niliyesema, anajua mdomo wangu.

Babu yako anakusalimu. Mjomba wako Marselino na mkewe Generosa wanakusalimu, ng'ombe wao amezaa. Nisalimie mama Thobias hapo jirani, umsomee na yeye mambo ya kidevu, maana nasikia naye anafunika. Mungu awape pumzi nyote watatu.

Ni mimi, nikupendaye hata ninapokutukana,
Bibi yako Milembe.

Mwamvua anaondoka na lori asubuhi hii hii. Nimemwagiza akupe barua mkononi, kisha asimame hapo mlangoni kwako, asiende kokote mpaka amsikie Mabula kwa masikio yake mwenyewe. Kama yuko mgongoni sasa hivi, weka karatasi chini. Mfungue.