Mtoto wa Chupa

Jumatatu, 4 Julai 1887
Nimepata kazi! Bwana Tuckwell kamfinya Enoch wangu shavu, kasema mtoto mnono hivi anauza kuliko bango. Nizunguke naye nyumba kwa nyumba hapa Salford na chupa za kunyonyeshea, zile zenye mrija mrefu wa mpira. "Faraja ya Mama", ndilo jina. Mtoto analala anajinyonyea, mama kaenda zake kiwandani. Niseme Enoch kakulia chupa hiyo. Nikamwambia, huyu ananyonya kwangu. "Nani atakuuliza?" kasema. Mume wangu Amos anakohoa tu, kazi hana. Nimekubali.

Alhamisi, 7 Julai
Joto! Chupa zimeisha kabla ya mchana. Wanawake wanampapasa Enoch mapaja — jamani, huyu analishwa nini? Chupa, nasema. Kabla ya kila mtaa namnyonyesha uchochoroni, asije akalitafuta ziwa mbele za watu. Hetty, jirani yangu, naye kanunua ili arudi kufuma. Hajui kusoma. Nikamsomea mwenyewe karatasi ya maelezo ya chupa: mpira hauna haja ya kuoshwa kila siku.

Jumanne, 12 Julai
Selina, mtoto wa Hetty, anaharisha. Macho yameingia ndani. Nimeunusa ule mpira — uvundo mtupu! Nikamwambia Bwana Tuckwell. Ni joto, kasema, kila Julai watoto hufa. Kesho ataniletea nyumbani wanawake wa kanisani kwake, wamwone Enoch. Nimvalishe kofia safi. Nimeitikia, ndiyo bwana. Najichukia.

Jumatano, 13 Julai
Hetty kaja, mtoto kalegea mikononi.
"Mama Enoch, nionyeshe wako unamlishaje. Nakosea wapi, shoga?"
Selina akalia, kilio chembamba hata hakisikiki vizuri, na maziwa yakanitoka yenyewe. Blauzi ikalowa. Hetty akaitazama. Nikangoja matusi, nikangoja kofi. Wala. Akanipa mtoto.

Ananyonya sasa — kidogo, anaachia, anarudi. Naandika kwa mkono mmoja maana nikikaa bure nitapiga kelele. Mungu wangu, usimchukue huyu.

Hodi mlangoni. Bwana Tuckwell na wanawake wake. "Fungua, mama! Wamekuja kumwona mtoto wa chupa!"

Nimetaka kumtoa Selina, nifunge vifungo. Hetty kanishika mkono.
"Thubutu! Kaa hivyohivyo."
Anakwenda kufungua.