Keki Isiyotaka Kelele

Shoga, nimeumbuka.

Unakumbuka kila likizo bibi yangu alivyotukataza kuongea keki ikiwa kwenye oveni? Eti sauti zetu zinaifanya inywee.

Leo mama mkwe kanisemesha jikoni mara tatu. Mimi kimya, kidole mdomoni. Mara TATU. Akajua nimemnunia.

Keki ilipoiva nikampigia bibi anitetee, nikaweka na spika kabisa.

Bibi akasema, "Keki ina masikio, mjukuu wangu? Mlikuwa watoto tisa, nami nilitaka kulala kidogo."

Miaka thelathini nanyamazia unga.

Mama mkwe hata hakucheka. Alichungulia sebuleni, wajukuu wake wanarushiana mito, akarudi kupiga mayai ya keki ya pili.