Ghala la Baba na Mpaka wa Maji

Nkome,
S.L.P. 61,
Geita.
18 Aprili 1999

Mpendwa kaka Salmini,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na wifi Raudha na wanangu Maulidi na Zamda. Kifua chako kinaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika mistari mitatu tu, sikuelewa kama umepona au umechoka kulalamika. Safari hii niandikie vizuri.

Sisi hatujambo. Mama anakula, anatembea na mkongojo wake, na goti linamsumbua asubuhi tu, kabla jua halijapanda. Duka linakwenda. Nyavu, nyuzi na vioo vya karabai ndivyo vinavyotoka zaidi.

Kaka, kuna jambo nimeliahirisha kukueleza, na leo nalieleza lote. Mwezi wa nane nilikuandikia kuhusu ghala la baba pale ufukweni, nikitaka ushauri wako. Sijui kama barua ilifika. Sikupata jibu, na mambo hayakuweza kungoja. Ghala halipo tena. Tulilibomoa mwezi wa kumi, na aliyetia sahihi ya kukubali ni mimi. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Zile mvua za Elnino za mwaka juzi ulizisikia redioni, lakini redio haikukueleza zilivyotufanya hapa. Mwalo wetu, hapa mitumbwi inapotia nanga, sio ule uliouacha. Tangu biashara ya sangara ichangamke, watu wamejaa mpaka pamekuwa kama mji, na hata wachimbaji wa dhahabu mashimo yakiwakatalia wanakuja kuvua. Ili mitumbwi ipate nafasi, tulifyeka matete na mafunjo yote ya ufukweni. Miti nayo tukaikata kwa kubanika samaki. Ziwa lilipopanda, hapakuwa na kitu cha kushika udongo. Vibanda ishirini na sita vilikwenda, na uwanja wa kuanikia dagaa ukaenda, na vyoo vikabomokea majini; ghala la baba lilinusurika kidogo tu. Halafu kikaja kipindupindu. Tulizika watu tisa, mmoja wao ni mdogo wake Paskalia, yule mama anayeongoza kina mama wa dagaa.

Mwezi wa sita wataalamu walikuja na ramani. Walitaka mwalo wote uhamie ghuba nyingine, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Donatus, mwenye mitumbwi minane, akasema hapana, tujenge ukuta wa mawe. Bwana Samaki wetu, ofisa wa uvuvi, anaitwa Stanslaus, kijana mpole wa Kharumwa. Alieleza kwamba ukuta utarudisha mawimbi kwa nguvu na kula ufukwe wa jirani, na mwisho hata huo ukuta wenyewe utachimbwa chini. Wakabishana siku mbili. Paskalia akasimama akasema, "Mkihamisha mitumbwi, sisi tunaobeba ndoo kichwani mtakuwa mmetufukuza. Semeni hivyo basi, msiseme mnatuokoa."

Mimi huwa siongei mikutanoni, unanijua. Siku ile niliuliza swali moja tu. Niliuliza kama kuna mtu anayejua maji ya mwaka wa Uhuru yalifika wapi, maana nilimsikia mama zamani akisema ziwa lilipanda vile vile. Kama tungejua mpaka wake, pengine tusingehitaji kuhama kabisa, tungesogea tu juu yake. Stanslaus akaniangalia, akauliza, "Mama Salmini anaweza kutembea?"

Basi kesho yake mama akatembea. Alitoka nyumbani na mkongojo, nyuma yake mwalo mzima. Alitafuta mwamba mkubwa aliokuwa akifulia alipokuwa mwari, kutoka hapo akahesabu hatua, akasimama, akarudi, akahesabu tena. Kila aliposimama Stanslaus alipigilia kigingi. Wazee wengine wawili walimkubalia. Vigingi vikaenda vizuri mpaka vilipofika kwetu. Kaka, mama alilipita ghala. Akaendelea kupanda hatua kama kumi na tano zaidi, ndipo akasimama.

Paskalia akamwambia taratibu, "Mayu, hapa ghala la mzee linabaki upande wa maji."

Mama akasema, "Nimeona. Pigilia."

Baba alijenga mwaka sabini na nne, maji yakiwa yamerudi nyuma, na nadhani hakuna aliyemkumbusha. Au mama alimkumbusha naye hakusikia. Sijathubutu kuuliza.

Mpango uliotoka baada ya hapo ni huu. Mwalo unabaki palepale. Mitumbwi inaingia kwa njia mbili tu, na sehemu nyingine yote ya ufukwe inarudishiwa matete na mafunjo, tunayoyapanda wenyewe, magoti majini. Chini ya vigingi hakijengwi kitu cha kudumu, na kilichokuwepo kinaondolewa. Vibanda, vyoo na chanja za dagaa vyote viko juu. Kuni za kubanikia zitatoka kwenye shamba la miti tulilopanda nyuma ya shule, na mpaka ikue tunanunua kutoka mbali, jambo ambalo watu wanalilalamikia kila siku.

Tulipobomoa, mawe na mabati ya ghala tuliyatoa kwa banda la kina mama. Mlango wa mninga nimekuwekea, uko chumbani kwangu. Donatus alipita akisema familia yetu imejitafutia sifa kwa nyumba ya marehemu. Niliendelea kuhesabu mabati. Lakini nikiwa peke yangu nilikuwa nawaza, je, kama mvua haitakuja? Tutakuwa tumebomoa kazi ya baba bure, na wewe hukusema neno. Miezi sita sikuwa na raha. Kila nilipokaa kukuandikia niliishia kwenye salamu.

Jumanne ya tarehe sita mwezi huu, kama saa nne asubuhi, upepo ulitoka ziwani na mvua nyuma yake. Mawimbi yalipita pale ghala lilipokuwa, yakang'oa hata mawe ya msingi tuliyoyaacha ardhini. Yakafika hatua saba chini ya kigingi cha mama, yakasimama. Tulikuwa tumejazana kwenye banda, dagaa wametandazwa juu ya chanja nyuma yetu. Mchana maji yalirudi. Matete bado machanga, yalilala yote, lakini mizizi imeshika na udongo haukuondoka. Hapo pembeni tulipokuwa hatujapanda ufukwe ulimeguka vibaya, na mitumbwi miwili ya Donatus iliyofungwa huko imevunjika. Hakuna mtu aliyeumia. Hakuna kibanda kilichokwenda. Vyoo vimesimama.

Donatus alikuja dukani kesho yake, akanunua uzi, akakaa. Kisha akauliza lini tunapanda matete upande wa pembeni. Nikamwambia Jumamosi. Akaja, na watu wake wote.

Kaka, sijui nikueleze vipi. Usiku wa siku ile ya mawimbi nililala kama mgonjwa ambaye homa imemshuka. Kazi bado ni nyingi, na mwaka fulani ziwa linaweza kupita hata vigingi vyetu, Stanslaus hatufichi hilo. Lakini sasa naweza kukutazama usoni, ndiyo maana nimeandika.

Nisamehe kwa kutokungoja jibu lako. Kama haki yako nimeivunja, niambie wazi.

Nisalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa ajili yangu. Paskalia anakusalimu, anasema anakukumbuka ukiiba dagaa wa mama yake. Shangazi Mwajabu naye anakusalimu. Mungu akulinde na akuondolee hicho kikohozi, akufikishe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Nilimsomea mama barua hii yote. Ameniambia nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema: "Mwambie Salmini mimi ndiye niliyeonyesha pa kupigilia. Kama ana hasira, apande gari aje anigombeze mimi."

Dada yako akupendaye daima,
Mwamvua