Viatu vya Mzee Aliyekuja Kuposa

Mpendwa Shangazi Safete, naomba unishike mkono maana mwenzio nimeharibu na humu ndani sina wa kumwambia. Mimi ni mke mgeni hapa Gjakova, nina miezi michache tu tangu niolewe, na majuzi walikuja wageni kumposa wifi yangu Arbnora, wanaume watatu wakiongozwa na Mzee Zenel, baba wa kijana mwenyewe, Dren, na kama ujuavyo kazi ya bibi harusi ni viatu vya wageni, wao wako ndani wanakunywa kahawa mimi niko mlangoni nafuta, nang'arisha, navigeuza vitazame nje ili wakitoka watumbukize miguu tu, na kwa viatu Shangazi sijisifu bure, kwetu nilikuwa navipaka mpaka unajiona meno.

Basi jozi mbili zilikuwa nyeusi, hazikunisumbua, ila ya Mzee Zenel ilikuwa rangi ya kahawa ya maziwa, haina mng'ao hata kidogo, ukiipapasa ni laini kama pichi, nikasema masikini mzee wa watu, ngozi imechakaa mpaka imeota manyoya, na kopo la dawa ya viatu lililokuwepo ni la nyeusi peke yake, nikaona heri nyeusi inayong'aa kuliko kahawia iliyokufa, nikapaka, vikanywa, nikaongeza, vikanywa tena, nikasugua mpaka bega likauma na having'ai ng'o, vimebaki na mabaka kama ng'ombe, na hapo hapo mlango ukafunguliwa. Mzee akaviangalia, akaniangalia mimi, kisha akamwangalia baba mkwe, ambaye alikuwa bado anaagana na wale wawili na viatu hakuviona. "Asante, binti," akasema taratibu. Akavaa, akaondoka.

Baba mkwe alikuwa amewaambia warudi Jumapili kuchukua jibu, na jibu ni ndiyo, Arbnora mwenyewe anampenda huyo Dren mpaka anatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Jumapili tumeamka alfajiri, tumepika flia, ile mikate myembamba ya kuokwa tabaka kwa tabaka, macho yametuwasha kwa moshi, na wageni hawakuja, hata simu hawakupiga. Mama mkwe anafoka, "Kahawa yangu wameinywa, mtoto wangu wamemwona ana kasoro gani? Wametudharau hao!" Arbnora analia chumbani, anadhani ni pua yake. Mimi najua ni viatu, Shangazi, mzee amekasirika, na nikisema nitarudishwa kwetu na kopo langu mkononi. Ninyamaze au niseme?

Mwenye Vidole Vyeusi

*

We mtoto! Nimecheka mpaka chai imenimwagikia, kisha nikamkumbuka huyo binti na pua yake, kicheko kikakatika. Pole sana. Lakini na wewe! Unaona ngozi inakataa kung'aa, unaongeza dawa? Na rangi nyeusi kwenye kiatu cha kahawia, nani alikufundisha? Ile haikuchakaa hata kidogo. Ni ngozi iliyosuguliwa makusudi ikatoa manyoya, na hayo manyoya ndiyo uzuri wake. Siku nyingine pitisha kidole kwanza; kikiacha njia juu ya ngozi, kopo lako lifunike.

Viombe hivyo viatu uvitengeneze mwenyewe. Kwangua dawa iliyoganda kwa mgongo wa kisu butu, halafu vimwagie unga laini wa wanga wa mahindi, vilale nao usiku kucha unyonye mafuta. Asubuhi vikung'ute, sugua kwa kifutio cha penseli, palipobaki gusa kwa kitambaa chenye siki nyeupe kidogo tu. Vijaze magazeti, vikauke kivulini, na ole wako nisikie umeviweka karibu na jiko la kuni! Mwisho mswaki mkavu, kuelekea upande mmoja. Doa lisipotoka lote, fundi viatu wa soko la zamani hapo mjini kwenu avitie rangi nyeusi sawasawa, vyote viwili.

Sasa nisikilize. Unasema mzee amekasirika. Mimi nasema mzee ameumia. Amevaa viatu vyake vya sherehe, amekuja na ndugu zake kumwombea mwanawe mke, anatoka anavikuta vimepakwa weusi na bibi harusi wa nyumba hiyo hiyo. Angefikiri nini? Kwamba ameshajibiwa hapana, tena kwa aibu! Ndiyo maana Jumapili hakuja. Nyinyi mnasema wamewadharau, yeye anadhani mmemkataa, na huyo Dren sasa hivi pengine yuko mbele ya kioo anakagua pua yake mwenyewe.

Kwa hiyo kunyamaza hakuna. Leo hii mwambie mama mkwe. Atafoka, mwache afoke, akimaliza ataomba koti lake. Mwende wote, na baba mkwe awe mbele, maana neno ni lake. Zamu yako ya kuomba radhi itafika, lakini Mzee Zenel akifungua mlango asikie kwanza jambo moja, kabla hamjavua hata viatu: ndiyo, tumekupa binti.