Tuko Wawili

Kwako dada Lorene,

Huku theluji imeanza kuyeyuka na kuku wanataga tena. Ule msaada wa kukarabati nyumba nimepata! Kwanza walininyima, eti pensheni yangu imezidi kiwango cha mtu anayeishi peke yake. Nikalalamika, ndipo binti wa ofisi ya kaunti akaja kukagua paa.

"Bibi, mbona hukusema mko wawili? Kwa watu wawili kiwango ni kikubwa zaidi. Mmepita."

"Mimi na nani?"

"Na babu, si yule jikoni? Mpole, ila viatu vimejaa tope!"

Paa linavuja, dada. Nikatia sahihi.

Mume wangu tulimzika Novemba kwenye mvua, ulikuwepo. Ukija, usikalie kiti chake. Kila asubuhi nakikuta kina joto.

Mdogo wako,
Opal