Mbio Yangu Mpaka Lweba

Mudogo wangu Etabo,

Jambo huko Ubwari. Mi niko na miaka sabini na sita. Nimepita vita, nimepita kolera, na munganga mwenye alisema moyo yangu haitaweza mbio, yeye tulishamuzika.

Hapa Baraka, mwenye liste ya mbio ndefu ya mwanzo wa mvua alikataa kuandika jina yangu. "Muzee, fika kwanza mbio mpaka Lweba, nitakungoja kule, nione." Basi asubuhi nikapita katikati ya soko, mwepesi sana. Bamama bakaona muzee anakimbia, bakafikiri vita imerudi. Bakabeba batoto na masufuria, bakanifuata.

"Tata, benye vita banatoka wapi?" akalia Mama Sifa, muuza samaki ndagala.

"Hakuna mutu! Nafanya mazoezi!"

"Muzee akimbie bure? We unatuficha!"

Akanipita na beseni yake kichwani. Kule Lweba, mwenye liste akacheka mpaka machozi, akatuandika wote wawili.

Kula muhogo vizuri, mudogo wangu, upate nguvu ya kuja kuniona nikishinda. Ukisema naongopa, uliza soko yote ya Baraka, ilikuwa nyuma yangu. Mama Sifa usimuulize, yeye alikuwa mbele.

Yaya wako, mukubwa wako, Wilondja